Mwili Uko Wapi: Shajara ya Maonyesho ya Mavazi na Sanaa, Dar es Salaam

Machi, wiki ya kwanza

Ukumbi umepatikana. Ni chumba kimoja kirefu chenye dari la juu, sakafu ya saruji na madirisha upande wa mashariki. Tumepewa kwa wiki sita kuanzia mwishoni mwa Juni, pamoja na siku chache za kupanga. Kazi zitakuwa nne. Mbili zinatoka kwa wasanii na mbili kwa wabunifu wa mavazi, lakini mgawanyo huo unaishia kwenye barua za maombi ya fedha. Ndani ya ukumbi hakutakuwa na upande wa mitindo na upande wa sanaa.

Naliandika hapa swali linaloongoza mradi ili kila atakayejiunga nasi alikute mapema: nguo ikivuliwa na kuwekwa ukumbini, mwili wa aliyeivaa unakwenda wapi? Mchoro ukiutundika ukutani uko kwao. Nguo haikushonwa kwa ajili ya ukuta. Imekatwa kufuata mabega ya mtu, imeachiwa nafasi ya kiuno, imekunjwa pindo ili mwenyewe akitembea asijikwae. Maonyesho mengi ya mavazi niliyoyafuatilia yanapendeza sana machoni, ila swali hili yanalipita pembeni.

Wapo waliolikabili. Msanii Hélio Oiticica wa Brazil alianza mwaka 1964 kutengeneza majoho aliyoyaita Parangolés, kwa vitambaa, plastiki na magunia, na kwake kazi ilikuwa haijatimia mpaka mtu aivae na kucheza nayo. Mwaka 1965 alikwenda na wacheza samba wa Mangueira, mtaa wa mlimani wa watu wa kipato cha chini mjini Rio de Janeiro, kwenye ufunguzi wa maonyesho katika jumba la sanaa ya kisasa la mji huo. Wakazuiwa kucheza ndani, wakachezea nje. Siku hizi majumba makubwa huwashonea wageni nakala za majoho yale wayavae. Kazi yetu ya nne imechukua njia hiyo: joho la kaniki litakalovaliwa na yeyote anayeingia, na jingine lililoshonwa sawasawa na hilo litakalotundikwa bila kuguswa.

Machi, wiki ya mwisho

Jumamosi asubuhi tulikuwa soko la mitumba la Karume na msanii wa kazi ya kwanza, koti la lebo. Yeye hakusanyi nguo, anakusanya lebo za shingoni. Wauzaji wa mitumba wameshamzoea, wanamwekea zile zinazotoka kwenye fagia, yaani mabaki ya belo baada ya nzuri kuchaguliwa. Anazishona moja juu ya nyingine kama magamba ya samaki mpaka koti zima linakuwa lebo tupu, kuanzia kola hadi chini ya magoti.

Nilikaa naye mchana wote nikizipanga kwa nchi. Bangladesh, Uchina, Uturuki, Vietnam, Honduras. Lebo inataja kampuni, saizi, nchi, namna ya kufua na joto la pasi. Mshonaji haitajwi popote. Majina ya watu niliyoyakuta yalikuwa ya watoto, yameandikwa na wazazi wao kwa kalamu ya wino ili sweta isipotee shuleni, huko Ulaya au Marekani. Hizo msanii amezitenga. Atazishona ndani ya koti, upande wa kifua, mahali ambapo mgeni ataziona akiinama tu.

Mitumba imekwisha kuingia kwenye sanaa ya kisasa kutokea huku kwetu, na ni vizuri tuijue njia hiyo kabla ya kuipita. Mwaka 2022 kikundi cha The Nest Collective cha Nairobi kilijenga banda zima kwa marobota ya mitumba huko Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya documenta fifteen, mbele ya jengo la Orangerie katika bustani ya Karlsaue. Kazi waliipa jina la Return to Sender, warudishiwe wenyewe. Mzungu aliyekuja kutembea bustanini alikutana na shati aliloligawa kwa nia njema, limekandamizwa pamoja na maelfu mengine. Mwaka huohuo, Kampala, mbunifu Bobby Kolade kupitia BUZIGAHILL alianza kufumua mitumba, kuishona upya na kuiuza kulekule ilikotoka, kwa jina hilohilo la Return to Sender. Wawili hao wanasema jambo moja, mmoja kwa banda na mwingine kwa nguo unayoweza kuivaa kazini. Ndiyo maana sioni faida ya kubishana lipi ni sanaa na lipi ni mitindo.

Kuna siasa pia, na koti hili linaibeba. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipopandisha ushuru na kukataa kurudi nyuma, Marekani mwaka 2018 iliisimamishia nafuu ya AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, kwa upande wa nguo. Belo linalopakuliwa Karume limepitia kwenye meza hizo zote. Msanii hataki maelezo haya yabandikwe ukutani. Anasema koti lisimame lenyewe. Nimekubali, ila yataingia kwenye kijitabu.

Aprili, masika

Mvua haikatiki. Kila kitambaa tulicho nacho kina unyevu, na unyevu unaleta ukungu na wadudu.

Kwa wanaosaidia kutunza vitu naandika sababu za utaratibu wetu. Mwaka 1970 msanii Joseph Beuys wa Ujerumani alitoa suti ya sufu iliyoshindiliwa, nakala 100 pamoja na chache za ziada. Moja ilinunuliwa na Tate, jumba la sanaa la London, ikaliwa na nondo hata ikaondolewa kwenye orodha ya kazi za jumba hilo. Ikiwa Tate imepatwa, sisi wa pwani tusiseme Mungu atajalia. Kwa upande wa pili yupo mbunifu wa mavazi Martin Margiela wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1997, katika jumba la Boijmans mjini Rotterdam, alizipaka nguo zake bakteria na ukungu kwa msaada wa mtaalamu wa vijidudu, akazisimamisha nje ya vioo, wageni wakazitazama zikibadilika rangi siku hadi siku. Ni kazi ninayoiheshimu. Lakini yeye aliualika ukungu kwenye nguo zake mwenyewe. Nguo zetu nyingine ni za kuazima.

Basi: lebo zote na kila kitambaa cha zamani vinafungwa kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, vinaingia kwenye friza ya nyuzi -18 kwa wiki mbili. Mfuko ukitoka usifunguliwe siku hiyo. Uachwe mpaka upate joto la chumba, la sivyo maji yatatanda juu ya kitambaa. Nguo isipigwe msumari wala pini. Ya kutundikwa ishonewe utepe wa pamba kwa juu, kwa mkono, na velkro ishonwe kwenye utepe.

Mei, wiki ya kwanza

Fedha: nusu imeingia. Inatosha mbao, taa na malipo ya mafundi. Kijitabu kinasubiri.

Mei, wiki ya tatu

Wiki nzima imekwenda kwenye sanamu, na sijutii hata saa moja.

Tulianza Kariakoo kwenye maduka yanayouza sanamu za kuvalishia. Zote ni mtu mmoja: mrefu, kiuno chembamba, nyonga hakuna, mabega yamenyooka. Kanga ukiifunga inateleza hadi chini. Tukaangalia wengine walifanyaje. Katika Savage Beauty, maonyesho ya mbunifu wa mavazi Alexander McQueen yaliyofanyika Metropolitan Museum, New York, mwaka 2011 na kuingiza watu 661,509, vichwa vya sanamu vilifunikwa vinyago na vitambaa ili sura isigombane na nguo. Yinka Shonibare, msanii Mwingereza aliyekulia Lagos, huondoa kichwa kabisa. Kwenye Scramble for Africa ya mwaka 2003, wanaume 14 wasio na vichwa wamezunguka meza yenye ramani ya Afrika, wamevaa suti za Ulaya ya karne ya 19 zilizoshonwa kwa vitenge. Kukosa kichwa pale kuna maana yake: wanagawana bara wasilolifikiria. Kwetu kungekuwa mapambo tu.

Aliyetufungua ni Rei Kawakubo, mbunifu Mjapani wa Comme des Garçons. Katika mkusanyo wake wa mwaka 1997 aliweka mito ndani ya nguo, mgongoni, begani, nyongani, umbo likatoka nje ya kila kipimo cha uzuri kilichozoeleka. Mwaka huohuo mtunzi wa ngoma Merce Cunningham wa Marekani akazichukua fikra hizo kwa ngoma yake iitwayo Scenario, na wachezaji wakalazimika kutafuta upya mizani ya miili yao. Nguo inaweza kuamua mwili uwe nini. Kinyume chake je? Mwili wa mtu anayejulikana ukiamua nguo ikatwe vipi?

Msanii wa koti akapata jibu: koti likatwe kwa kipimo cha mbebaji wa mabelo wa Karume. Tulimwendea mmoja anayemfahamu, tukamweleza kazi ni ya nini na italipwa kiasi gani, akakubali. Alikuja kwa fundi wetu jioni baada ya kazi.

Fundi alimsimamisha wima, akapitisha futi kutoka shingoni hadi mwisho wa bega la kushoto, kisha la kulia. Akarudia. Halafu akaweka rula mgongoni.

“Kaka, bega hili liko chini kuliko lile. Inchi moja na nusu.”

“Huku ndiko belo linakolala,” akasema mbebaji.

“Tangu lini?”

“Tangu nina miaka kumi na saba.”

Fundi hakusema zaidi. Alichukua chaki, akachora ruwaza mbili tofauti, ya kulia na ya kushoto, jambo ambalo kwa koti la kawaida halifanyiki. Kola ilibidi ihamie upande mmoja. Mkono wa kulia umetoka na duara kubwa zaidi kwapani kwa sababu mkono huo huinuka kila siku kushika mzigo. Nimeshiriki maonyesho kadhaa na sikuwahi kuona historia ya kazi ya mtu ikiandikwa kwa chaki namna ile.

Siku iliyofuata tukatengeneza umbo lake. Alivaa fulana kuukuu tuliyompa, tukamzungushia tepu ya karatasi kuanzia nyongani kwenda juu, vipande vifupi, tabaka la kwanza kulala, la pili kusimama, la tatu mshazari. Kifuani tulilegeza ili apumue vizuri. Inatakiwa wawili wafanye kazi pamoja, mmoja mbele na mmoja nyuma, upesi, maana joto ni kali. Kisha mstari mgongoni kwa kalamu, mkasi butu, na gamba likatoka zima likiwa na bega lake lililoshuka. Tulilijaza karatasi, tukaliimarisha kwa tabaka za gazeti na gundi nyeupe ya seremala. Ya unga tumeiacha kwa sababu mende wanaifuata. Likikauka tunalivika pamba ya poliesta na juu yake kitambaa cha amerikani kilichofuliwa mara mbili kutoa wanga. Koti likivalishwa pale halihitaji pini hata moja.

Mei, mwishoni: Temeke

Kazi ya pili ni kanga za mama mmoja wa Temeke, za tangu alipoolewa. Mbunifu wetu alitaka kuzikata ashone vazi moja kubwa. Baada ya kuziona aliacha mkasi. Zitabaki doti na vipande kama zilivyo, zimetundikwa kwa tabaka kutoka darini, mtu apite katikati.

Tulimkuta barazani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba wanangu. Karibuni, kaeni kwenye mkeka.”

Akatoa kanga sandukuni moja baada ya nyingine, na kila moja aliitaja kwa tukio. Kisutu cha harusi yake. Ya Urafiki, kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina na kuanza kazi mwaka 1968. Nyingine ina maneno “Nani kama mama”, aliyopewa na kifungua mimba wake kwa mshahara wa kwanza. Moja imechakaa mpaka imekuwa laini kama ngozi, na katikati ya mji rangi imekwisha.

“Hii ni mbeleko,” akasema. “Watoto wote wamelala humu.”

Niliiomba nikaitandaza mapajani. Rangi imekwisha pale mgongo wa mtoto ulipoegemea. Pembe mbili zimejikunja moja kwa moja, hazikubali kunyooka, na karibu na pembe hizo nyuzi zimeachana kwa sababu ya fundo lililofungwa na kufunguliwa miaka. Ukiishika kwenye mwanga unaona pa kumbeba mtoto na pa kufungia kifuani. Nimetafuta miezi yote hii namna ya kuurudisha mwili ukumbini, na hapa ulikuwa umo ndani ya kitambaa.

Tumeamua hapohapo: hakuna pasi, hakuna dobi, hakuna kuziba matundu. Mbunifu alisita kidogo kuhusu pasi, kwamba wageni watasema tumetundika nguo za kufuliwa. Mama mwenyewe akamaliza mjadala. Kanga za safari alikuwa anazipiga pasi, mbeleko hapana, na anataka zionekane hivyo. Alitoa na masharti yake: doti isitenganishwe, na jina, yaani maneno ya kanga, likae chini, lisomeke na anayetoka nyuma.

Msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, amefanya michoro inayofuata mpangilio wa kanga, pindo, mji na maneno yake. Huko kanga imekuwa mchoro. Huku Temeke tumeiacha iwe kanga, na sioni kwamba imepungukiwa na kitu.

Juni, wiki ya kwanza

Kazi ya tatu imefika kutoka Kampala kwa basi, imezungushwa kwenye bomba la karatasi. Ni joho la lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Gome hubanduliwa wakati wa mvua, shina hufungwa majani ya mgomba lisikauke, na mti huota gome jingine. Hugongwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia mipana kwenda myembamba, mpaka lipanuke na kuwa laini, kisha huanikwa likawa na rangi ya udongo mwekundu. Ujuzi huu wa Baganda UNESCO iliutambua mwaka 2005.

Mbunifu alinipigia kabla sijafungua. “Dada, naomba usilisimamishe.” Kwao lubugo ni vazi la kutawazwa wafalme na pia ndiyo maiti huviringishiwa. Hataki umbo lolote ndani yake. Tumetengeneza meza ndefu ya chini, kimo cha kitanda, joho litalala juu yake limefungwa. Kwa hiyo kati ya kazi nne, kila moja inaujibu mwili kwa njia yake: umbo la mbebaji, alama za mama, mgeni anayevaa kaniki, na hili linalomngoja mtu.

Juni, wiki ya tatu

Vibandiko. Tumekaa juu yake muda mrefu kuliko nilivyotazamia, na kwa haki.

Rasimu ya kwanza ilifuata mtindo wa kawaida: jina la msanii, jina la kazi, mwaka, malighafi. Africa Fashion, maonyesho yaliyofunguliwa Victoria and Albert Museum, London, Julai 2022 chini ya msimamizi Christine Checinska, yalikuwa na vitu zaidi ya 250. Yalifanya jambo ambalo nimelishika: kando ya wabunifu wakubwa waliweka picha za familia na kumbukumbu za watu wa kawaida walizoomba kwa umma, ili mvaaji awepo naye. Alikuwepo pia Ami Doshi Shah wa Nairobi na mapambo yake. Lakini swali la aliyeshika sindano linabaki kwenye maonyesho mengi duniani. Nilizikumbuka lebo za Karume.

Koti sasa linaandikwa hivi: msanii, kisha “limekatwa na kushonwa na” jina kamili la fundi, kisha “kwa kipimo cha” jina la mbebaji, kama mwenyewe alivyotaka liandikwe. Herufi zote saizi moja. Mfadhili mmoja aliona majina ni mengi kwa kibandiko kidogo. Tumekuza kibandiko. Kwa kanga, mama anatajwa kwanza, mbunifu anafuata kama mpangaji, na ndivyo mbunifu alivyopendekeza mwenyewe. Nyundo za lubugo zimeshikwa na wazee wawili, wote wametajwa.

Juni, siku za kupanga

Mwanga: kanuni ya majumba ya makumbusho kwa vitambaa ni lux 50. Jua la Dar dirishani linazidi hapo mara elfu na kitu. Tumeziba madirisha kwa mbao laini tukaacha moja, lenye karatasi ya kuzuia miale, ili watu wasihisi wako ghalani. Taa za kanga zimewekwa pembeni, chini, ziangaze kitambaa kwa mshazari, maana mwanga wa mbele unafuta mikunjo yote. Tuliijaribu mbeleko kwanza: taa ikashushwa, ikasogezwa kulia, pembe zilizojikunja zikatupa kivuli, pa mgongo wa mtoto pakaonekana. Fundi wa umeme mwenyewe ndiye aliyesema “hapo hapo”.

Kwa waliovaa kaniki tumeweka kioo kirefu, bila kamba, bila mlinzi wa kukemea. Joho la kuvaliwa litafuliwa kila Jumatatu ukumbi ukifungwa.

Mbebaji alipita jana kulitazama koti. Alizunguka mara moja, akagusa bega lake mwenyewe, akauliza kama siku ya ufunguzi anaweza kuja na wenzake wa Karume. Nimewaandikia nafasi, na tumesogeza ufunguzi kutoka saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni ili wamalize kupakua.

Bado: kijitabu kiko kwa mpiga chapa, hati ya bima ya lubugo haijaja, na ratiba ya kushusha kanga imebadilika. Kisutu mama anakihitaji mwanzoni mwa Agosti kwa harusi ya mjukuu wake, kwa hiyo kitateremshwa kabla ya vingine. Nafasi yake hatutaijaza. Kibandiko kitabaki, na chini yake tutaongeza mstari: kiko harusini.